Shimo Alilolipenda Hirbo

Wapo wanaume wanaopenda wake za watu, na wapo wanaopenda tumbaku kuliko watoto wao, lakini Hirbo wa Koromi alipenda shimo. Wa kwanza kulisema hilo alikuwa mkewe, Darmi, na alilisema mbele ya watu, maana Darmi hakuwa mtu wa kuweka neno akiba.

"Wenzangu, nimeletewa mke mwenza," aliwaambia wanawake waliokuwa wakiteka maji. "Na huyo mke mwenzangu hana makalio. Ana mdomo tu."

Wakacheka mpaka vibuyu vikamwagika. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, wakati kicheko kilipokuwa bado kinapatikana Koromi.

Koromi ni uwanda mkavu upande wa magharibi wa mto Tana. Mtu mwepesi akitoka alfajiri hufika Garsen jua likizama. Waorma walikaa pale kwa sababu moja tu: visima vitatu vilivyofuatana kwenye mkondo wa mto uliokufa zamani, juu mchanga mtupu, chini maji matamu. Babu yake Hirbo ndiye aliyevichimba. Vilikuwa visima vya watu watatu, yaani wanaume watatu walisimama ndani, mmoja juu ya mwenzake kwenye vidato vilivyochongwa ukutani, wakirushiana ndoo ya ngozi ya twiga mpaka ikamfikia aliyekaa mdomoni. Hirbo alikuwa baba wa visima. Yeye ndiye aliyegawa siku, leo kundi hili, kesho lile. Na kundi likishafika kwa siku yake halirudishwi, hata mwenyewe awe ni mtu mliyegombana naye jana. Hirbo angeona afadhali umvunje mguu kuliko umvunjie desturi hiyo.

Mtambo wa kutoboa ardhi ulikuja mwanzo wa mwaka, ardhi ikiwa imekauka ikapasuka. Kampuni moja ya mbali ilikuwa inatafuta makaa ya mawe. Msimamizi wake alikuwa Mzungu aliyejipaka mafuta ya nazi asiungue na jua, akawa anang'aa kutwa nzima, na Darmi akampa jina la Kaango. Kaango aliweka mtambo wake hatua mia mbili kutoka kisima cha kwanza.

"Kuni zimejaa pori zima," Darmi alimwambia mmoja wa vibarua, "nyinyi mnafukua makaa chini ya miguu ya watu. Huko kwenu mnapikaje?"

Kibarua huyo aliitwa Buya, Mpokomo wa Chewele, mwenye mikono mipana kama makasia. Kazi yake ilikuwa kushika mabomba ya chuma yaliyoteremshwa shimoni, na kupanga udongo kwenye sanduku. Lilikuwa sanduku refu la mbao lenye vyumba vidogo vidogo. Kila mtambo ulipoteremka kiasi, Buya alichukua konzi ya udongo uliopanda akaiweka kwenye chumba chake. Alikuwa na Kiswahili kizuri, na alipenda kufundisha, maradhi ambayo Darmi aliyatambua mapema akayatumia.

"Mama, hapa ndipo mnapokaa nyinyi," Buya alimwonyesha, akianzia chumba cha juu. "Huu mchanga ndimo yalimo maji yenu. Halafu chini yake huu hapa." Akampa donge la udongo wa kijivu, unateleza kama sabuni. "Huu haupitishi maji. Maji yenu yameukalia kama maziwa yanavyokalia tako la kibuyu. Chini yake tena, hiki."

Kilikuwa kitu cheusi, chepesi, kama gogo lililooza likasahauliwa. Darmi akakinusa. Kilinuka yai viza.

"Ndiyo makaa yenyewe?"

"Makaa mabichi. Kaango anasema hayajaiva, hayamfai."

"Sasa mmefunua sufuria ya watu kabla ya kuiva."

Buya akacheka, kisha akaacha. "Mama, ndani ya hayo meusi, na mchanga ulio chini yake, mna maji mengine. Ya zamani sana. Yana chumvi, na yamebanwa na uzito wa udongo wote huu. Tulipoyatoboa yalipanda yenyewe ndani ya bomba mpaka juu. Hatukuvuta."

Neno chumvi lilimfikia Hirbo kabla ya jua la saa sita. Alikuja mbio, yeye ambaye hakukimbia hata siku ya harusi yake, akakinga kiganja chini ya bomba, akaonja, akafumba macho.

Ili mtu amwelewe Hirbo, lazima awaelewe ng'ombe wake. Ng'ombe wa Kiorma asipopata chumvi hunyong'onyea, manyoya humsimama, na maziwa hukauka kiweleni. Kwa hiyo kila mwaka Waorma wa Koromi waliswaga makundi yao siku nne kuelekea pwani, kwenye mabwawa ya maji ya chumvi, wakanywesha, wakarudi siku nne nyingine. Kila mwaka simba walichukua fungu lao na nzi wa ndorobo wakachukua lao. Mwaka uliopita ndugu yake Hirbo alikwenda na ng'ombe arobaini akarudi na ishirini na sita, na yeye mwenyewe akafa kwa homa wiki ya pili. Sasa chumvi hiyo imepanda yenyewe mlangoni, haina simba.

"Mwambie Mzungu wako," Hirbo alimwambia Buya, "nataka shimo libaki wazi."

Kazi ilikuwa imekwisha. Sheria ya kampuni ilikuwa kwamba shimo lisilo na faida lizibwe kwa udongo na saruji mpaka juu. Kaango aliposikia kwamba wazee wenyewe hawataki lizibwe, uso wake ukang'aa zaidi ya mafuta yake. Mifuko ya saruji ilikuwa michache na alikuwa na mashimo mengine mbele. Akatoa karatasi, Hirbo akabonyeza kidole gumba. Ila mabomba aliyataka. Yaling'olewa yote, likabaki moja fupi la juu, la kuongoza maji kwenye birika la udongo la kunyweshea ng'ombe ambalo Hirbo alilifinyanga kwa mikono yake.

Buya alikuwa anakunja kamba. Alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, hilo bomba lilikuwa ukuta. Likitoka, maji ya chini yanakutana na ya juu."

"Yakutane," alisema Hirbo. "Sisi na nyinyi Wapokomo tunakutana mtoni kila kiangazi. Nani amekufa?"

Lilikuwa jibu zuri, na watu walicheka, Darmi akiwa wa kwanza. Buya akamaliza kukunja kamba. Alikuwa kibarua, na Kaango alikuwa ameshawasha lori.

Wiki hiyohiyo Qabale, mke wa mwana wao Dadacha, alijifungua mtoto wa kike na hakuinuka tena. Mtoto akaitwa Gumato. Dadacha alikuwa mbali akichunga ng'ombe wakavu wasiokamwa, akaja, akazika, akakaa siku tatu bila kumtazama mtoto, akarudi kwa ng'ombe. Gumato akabaki kwa bibi yake. Hakukuwa na mama anayenyonyesha Koromi, hivyo Darmi alimlea kwa maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa ukali kwa maji ya kisima, akiyadondosha mdomoni kwa pembe ndogo ya mbuzi. Mtoto alinenepa. Darmi alimwita Bi Mkubwa, na kila mtoto akijisaidia alitangaza kijijini kama habari ya serikali.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa mizuri, lazima isemwe. Ng'ombe walikunywa chumvi birikani, wakalamba midomo, wakang'aa mbavuni. Habari zikaenda. Makundi yakaja kutoka Wayu na mbali zaidi, na kila kundi lililokunywa chumvi lilihitaji maji matamu baadaye, kwa hiyo wanaume walishinda visimani wakirusha ndoo tangu asubuhi mpaka mabega yakawaka. Hirbo aligawa siku, akaketi kwenye kigoda chake karibu na shimo, akapokea salamu za watu waliokuwa hawamsalimu. Jioni alikwenda kulitazama peke yake. Hapo ndipo Darmi alipoanza maneno yake ya mke mwenza.

Maji ya birika yakaanza kupungua. Yalikuwa yanamiminika, yakawa yanachuruzika. Hirbo alidhani yamechoka.

Halafu chai ya Darmi ikakatika.

Alichemsha maji, akatia maziwa na majani, na yote yakaachana sufuriani, maji upande wake, madonge meupe upande wake. Akalaumu maziwa, akamwaga. Siku ya pili akaazima maziwa ya jirani, na hayo yakakatika. Maharagwe aliyoletewa kutoka Garsen yalichemka tangu asubuhi hadi adhuhuri, na yakibonyezwa yalikuwa mawe. Sabuni haikutoa povu. Akaonja maji ya kisima cha kwanza kwa ncha ya ulimi, kisha akaonja tena.

"Baba Dadacha, kisima cha kwanza kina chumvi."

Hirbo alikuwa anatafuna tumbaku. Akanywa funda kubwa, akasikilizia. "Mimi sioni kitu."

"Wewe kwa tumbaku hiyo huwezi kuonja hata jivu."

"Ng'ombe wamekunywa asubuhi. Wamekunywa kuliko zamani. Ng'ombe hamdanganyi mtu, Mama Dadacha."

Na kweli walikuwa wamekunywa kuliko zamani. Hilo ndilo lililowapoteza. Watu wa nchi nyingine huonja maji kwa midomo yao. Waorma wa Koromi waliyaonja kwa midomo ya ng'ombe, na ng'ombe walipenda chumvi. Kadiri kisima kilivyoharibika ndivyo ng'ombe walivyokishangilia, na wanaume wakasema Mungu amewaongezea.

Darmi aliposhindana, walimkumbusha karani wa kodi. Miaka mitatu nyuma karani alikuja kuhesabu vibanda, akaomba chai, na Darmi akamtilia konzi ya chumvi, akamkaribisha kwa heshima zote. Koromi nzima ilicheka mwezi mzima.

"Wewe leo ndiye wa kutuambia chai ina chumvi?" Hirbo alisema barazani, na wazee wakashikana mabega kwa kucheka. "Umeishiwa na makarani, sasa unatutilia sisi."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Darmi alisikia watu wakimcheka yeye.

Akachukua sufuria yake, mafiga matatu, na maziwa ya ng'ombe mmoja, asije mtu akasema kosa ni la maziwa. Akachemsha chai kwa maji ya kisima cha kwanza. Ikakatika papo hapo. Akachemsha kwa maji ya kisima cha pili, kilichokuwa mbele hatua mia na hamsini. Ilituama vizuri. Akaenda mpaka cha tatu, mbali zaidi. Vizuri. Alirudia kila mwezi ulipoandama. Mwezi wa kwanza, cha pili bado kizuri. Mwezi uliofuata, cha pili kikatoa vipele vidogo vyeupe juu ya chai, kama ngozi ya mtu mwenye upele. Mwezi uliofuata, kikakatika kabisa. Wanawake waliopita walimwona amechuchumaa peke yake juani akipika chai isiyo na mgeni, wakasema umri umemfika.

Lakini Darmi alikuwa amekwisha kuona. Chumvi haikunyunyizwa na mtu. Ilikuwa inatembea. Ilitoka shimoni, ikapita chini ya mchanga mahali asipopaona mtu, kisima hadi kisima, kwa mwendo wa kinyonga, na njia yake ilikuwa imenyooka. Alikumbuka sanduku la Buya na donge la kijivu lililozuia maji. Walilitoboa, wakang'oa ukuta wa chuma. Ndiyo maana maji ya birika yalipungua. Hayakuchoka. Yalikuwa yamepata pa kwenda.

Gumato alikuwa na miezi kumi. Tangu kisima cha pili kiharibike Darmi alikuwa anamtekea cha tatu, lakini walioteka kwa zamu walichanganya vyombo, na mtoto alikwisha kuguswa na chumvi. Alihara. Alilia kwa kiu, akinyweshwa alilia zaidi. Shavu lililokuwa la Bi Mkubwa likaingia ndani, utosi ukabonyea kama kidole kimebonyeza unga.

Darmi akamwendea mumewe, na siku hiyo hakuleta mzaha wowote, jambo lililomfanya Hirbo ainue kichwa.

"Baba Dadacha, kisima cha tatu tuwaachie watoto na mama zao. Kisinyweshe hata mbuzi. Nimekitazama. Kinapotekwa sana ndipo chumvi inapoharakisha. Tunaivuta wenyewe kwa ndoo."

"Kesho ni siku ya watu wa Wayu. Mahmud yuko njiani na ng'ombe mia tatu."

"Arudi."

Hirbo alimtazama kana kwamba amevua nguo. "Sijamrudisha mtu mwenye siku yake. Baba yangu hakurudisha. Babu yangu hakurudisha, hata mwaka wa ndui."

"Babu yako hakuwa na shimo."

"Unataka nisemwe vipi? Kwamba Hirbo alimwona ng'ombe ana kiu akaketi juu ya maji?"

"Nataka mjukuu wako anywe."

"Atakunywa. Visima ni vitatu." Lakini hakumtazama mtoto aliyekuwa mgongoni. Alitazama upande wa shimo. Darmi akajua kwamba anajua. Pengine alijua tangu chai ya kwanza, ila kidole kilikuwa chake, na mzee aliyeomba jambo mbele ya watu wote haoni njia ya kurudi nyuma mbele yao.

Mahmud wa Wayu akaja na ng'ombe mia tatu na salamu nyingi. Wanaume walirusha ndoo kutwa nzima kwenye kisima cha tatu, wakibadilishana, mpaka ndoo ikaanza kupanda na mchanga. Mahmud alishukuru, akasema hajaona baba wa visima kama Hirbo toka Wayu hadi baharini. Alfajiri yake Darmi akateka chungu kimoja, akawasha moto palepale mdomoni mwa kisima, wanaume wakimtazama. Maziwa yakaachana na maji.

Hakuna aliyecheka. Darmi akamwaga sufuria mchangani, akamfunga Gumato mgongoni kwa kaniki, akashika njia ya Garsen.

Alitembea na jua usoni asubuhi na jua kisogoni alasiri. Mara tatu alisimama, akamfungua mtoto mgongoni ili amsikilize kama anapumua. Mara ya tatu alichelewa kusikia, akakaa chini njiani, akamwekea sikio kifuani mpaka akasikia. Hakulia. Alikuwa hana maji ya kupoteza.

Buya alikuwa ameacha mitambo, sasa alikuwa anavuta kamba ya kivuko pale Garsen. Alimwona Darmi anashuka ukingoni, akaacha kamba mikononi mwa mwenzake.

"Mama wa Koromi. Kuna nini?"

"Sufuria imefurika," alisema Darmi, akageuka amwonyeshe mgongo.

Buya hakuuliza zaidi. Akampeleka nyumbani kwake kando ya migomba, ambako mkewe, Mwanaarusi, alikuwa amekaa mkekani akinyonyesha mtoto wake wa kiume, Komora, mwenye miezi sita. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya mto. Alimtazama Gumato mara moja tu.

"Mpe hapa."

Gumato hakujua kunyonya. Tangu azaliwe alikuwa hajapewa ziwa, alijua pembe ya mbuzi tu. Aliuma, akageuka, akalia bila sauti. Mwanaarusi alimkamulia mdomoni tone kwa tone, akimsemesha Kipokomo, na Darmi alikaa mbele yao, mikono mapajani. Usiku ulipokuwa umeingia sana, mtoto akashika. Alinyonya akalala, akaamka akanyonya, Komora akifoka kwa wivu pembeni.

"Sikiliza, bibi," Mwanaarusi akasema, bila kuinua macho. "Huyu hawezi kurudi kwa maji yale."

"Najua."

"Na mimi sitamnyonyesha siku saba halafu mje kunipokonya, mkamuulie huko. Nikimlea, nimemlea. Atakuwa wangu. Na huyu Komora ni ndugu yake sasa kwa ziwa, hawaoani."

"Kumwoza Mpokomo sikuwa nimefikiria."

"Na mimi kumnyonyesha Mworma sikuwa nimefikiria. Tumeona mengi sote leo."

Darmi alicheka kidogo. Kisha akamgeukia Buya aliyekuwa amesimama mlangoni. "Shimo tukiliziba kesho, maji yatakuwa matamu lini?"

Buya alichuchumaa. Aliokota kijiti, akataka kuchora mchangani, kisha akakiweka chini.

"Mama, ukiziba utazuia chumvi mpya. Iliyokwisha kuingia imeshika kila punje ya mchanga. Itasukumwa na mvua, ikishuka kutoka juu, taratibu, mvua nyingi kubwa. Na visima visitekwe kabisa wakati huo. Mimi si msomi. Kaango angekupa hesabu."

"Nipe yako."

"Wakati huo huyu labda atakuwa na watoto."

Mwanaarusi akamtazama mumewe kwa jicho baya, lakini neno lilikuwa limetoka. Darmi akalitia akilini, kama mtu anayepokea mzigo akaupima kwanza. Akauliza namna ya kuziba, Buya akamweleza: udongo ule wa kijivu, ufinyangwe madonge madogo, yakauke juani, yatupwe moja moja, yashindiliwe kwa mti mrefu kila yanapokaa. Usitupe mchanga, usitupe matawi.

Asubuhi alipoondoka Gumato alikuwa amelala kwa Mwanaarusi, mkono mmoja umeshika ukosi wa kanzu yake. Darmi alisimama. Alitaka kumwambia Mwanaarusi kwamba mtoto huyu anaitwa Bi Mkubwa, na kwamba akijisaidia ni desturi kutangaza. Akaona si mahali pake tena. Akaondoka.

Koromi alikuta watu wanafunga mizigo. Ndama watano walikuwa wamelala karibu na kisima cha tatu, midomo wazi, nzi wakiingia na kutoka. Ng'ombe wazima walikuwa bado wanataka kunywa, wakifukuzwa wanarudi. Mahmud alikuwa ameondoka na kundi lake, na njia yote kuelekea Wayu, watu walisema, imejaa tai. Hirbo alikuwa amekaa chini, si kwenye kigoda.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimempeleka kwenye maji."

"Atarudi lini?"

"Maji yakirudi."

"Yatarudi lini?"

Akamwambia kama alivyoambiwa, mvua na miaka na watoto wa mtoto, hakupunguza kitu. Hirbo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaita watu waliokuwa wanafunga mizigo, na kwa sauti ile aliyokuwa akigawia siku akawaambia kwamba shimo aliliomba yeye, Mpokomo alimwonya, naye akamjibu kwa maskhara. Chai ya Darmi ilikuwa kweli tangu mwanzo, na yeye alijua. Baada ya leo hakuna siku ya mtu Koromi. Atakayekuja atarudishwa.

Wengine walimtemea mate karibu na miguu. Wengine waliendelea kufunga. Usiku huohuo watu wote walishika njia ya mtoni, kuomba njia katikati ya mashamba ya Wapokomo, na watapewa au hawatapewa.

Darmi na Hirbo walibaki. Hawakuambizana kubaki. Udongo wa kijivu ulipatikana pembeni mwa dimbwi kavu, mwendo kidogo kutoka shimoni. Darmi alifinyanga, Hirbo akabeba kwa ngozi, wakaanika, wakangoja jua lifanye kazi yake. Chakula chao kilikuwa nyama ya ndama na maji machache ya mtoni aliyokuja nayo Darmi kibuyuni. Siku ya pili wakaanza kutupa. Hirbo alikuwa amebomoa birika lake kwa shoka na kung'oa lile bomba fupi, mdomo wa shimo ukabaki duara dogo tu, kiasi cha kiganja.

Walitupa mpaka adhuhuri. Walikuwa wamedhani litajaa upesi, jinsi lilivyo jembamba.

"Huyo Mpokomo mwanamke uliyemwachia mtoto," Hirbo akasema, bila kumtazama. "Ni mtu mzuri?"

"Ana sauti kama ya punda. Ni mtu mzuri."

"Gumato akija huku siku moja, atatujua?"

"Atauliza njia," alisema Darmi. "Akitukuta, tutamwambia ni nani."

Hirbo akaachia donge jingine. Wakainamisha vichwa wote wawili juu ya shimo, kusikiliza. Lilishuka muda mrefu, kisha, mbali kabisa, ikaja sauti ndogo ya maji.

"Bado," alisema Hirbo.

Darmi akarudi kwenye udongo.